Kibao cha Kijani cha Maktaba ya Depo

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Barua kutoka Kindu! Mihuri miwili. Imeandikwa kwa Mkutubi Mkuu wa Kasongo, yaani mimi, Iliasi. Mke wangu Mounira aliuliza mkuu wa nani, kwa kuwa maktaba nzima niko peke yangu. Nilimjibu kwamba ukuu hauanzi na watu, unaanza na ufunguo. Ufunguo ninao, shingoni.

Barua yasema hivi. Mama Emilienne, mkaguzi wa shirika lililotupatia mabati ya paa, atafika Jumamosi kuona kama maktaba inafanya kazi. Ikiwa haifanyi, jengo litarudi kwa komite ya mji. Na komite italitoa kwa Mama Albertine na mafundi wake wa kushona, wanaoshonea chini ya turubai pale sokoni na wanaolitamani jengo langu kila siku ya mvua.

Siwalaumu. Ni jengo zuri. Zamani lilikuwa depo, ghala la mpunga. Kuta nene, madirisha manne, ubaridi hata saa sita mchana. Rafu ishirini mpya. Kasoro ni moja tu: vitabu. Viko kumi na vinne, na tisa kati ya hivyo ni kitabu kilekile cha hesabu cha darasa la tatu. Vingine mia tatu vinakuja kutoka Kindu tangu mwezi wa pili. Binamu yangu Faradji anaapa viko njiani. Njia ya Kindu naijua. Sina hasira.

Na saa nne nikapata mpango! Rafu tupu si aibu. Rafu tupu maana yake watu wameazima kila kitu. Maktaba inayopendwa haina vitabu ndani. Inayotakiwa ni rejista tu. Nimekula wali sahani mbili.

Jumanne, tarehe 4

Nimejaza rejista kutwa nzima. Wasomaji themanini. Kalamu tatu tofauti, na mkono wa kushoto kwa wale ambao hawakusoma sana. Kazi safi!

Saa tisa aliingia Mama Albertine, tepu ya kupimia shingoni. Amekuja kupima madirisha yangu kwa ajili ya mapazia. Mapazia yake! Nikamwambia jengo lina wasomaji wengi mno, nikamfungulia rejista aone. Hapo ndipo nilipokosea. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Kidole kikasimama. Akasema anaona hapa baba yake, mzee Kasimu, ameazima kitabu cha hesabu tarehe 12 mwezi wa nne.

Nikasema ndiyo, msomaji mzuri sana.

Akasema baba yake alifariki miaka sita iliyopita.

Nikasema alikirudisha kikiwa safi. Sijui kwa nini nilisema vile. Jina lilinijia lenyewe nilipokuwa naandika: mzee Kasimu ndiye aliyenishonea suti ya harusi. Mama Albertine hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliandika namba ya ukurasa kwenye kiganja chake, akapima madirisha yote manne, akaaga kwa heshima. Jumamosi atamwonyesha mgeni.

Mounira amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia inategemea mwendo.

Jumatano, tarehe 5

Mpango mpya. Natafuta wasomaji wa kweli, wenye miguu. Wakiwa wengi, nani ataangalia rejista? Nimemwita Déo, anayeandika vibao vya maduka. Alikuwa na rangi ya kijani iliyobaki kwenye kibao cha farmasia, duka la dawa. Nikamtajia maneno: HAPA TUNAAZIMA VITABU. KARIBUNI WOTE. Wataingia wakitaka vitabu, nitawakalisha, nitawapa hesabu ya darasa la tatu kwa zamu. Déo aliuliza kama maneno ni hayohayo, hakuna la kuongeza. Nikamwambia ashike brashi, sarufi awaachie wenyewe.

Kibao kinapendeza. Hakuna aliyeingia.

Jioni tu, Bakari, fundi wa baiskeli, alisimama mbele ya kibao, midomo ikicheza. Akaondoka. Akarudi na kitabu kwapani, akakiweka mezani. Akaniita Baba Maktaba kwa Kifaransa chake: “Papa Biblio, mbona hamukusema kama munakosa vitabu? Kamata hiki. Lakini mutarudisha, ee?”

Sikuelewa kitu. Nikapokea. Mtu wa cheo hakatai.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeelewa! Neno langu lina milango miwili. Anayetoa anaazima, na anayepokea naye anaazima. Mimi nimesimama mlango wa mbele nasubiri wasomaji, kumbe mji mzima unaingia kwa mlango wa nyuma ukiwa umebeba vitabu! Wamesoma kibao wakasema maskini, biblio inaomba.

Tangu alfajiri wanakuja. Katekisimu tatu. Juzuu sita, ambazo Maalim Souleymane alizipanga mwenyewe kwenye rafu ya juu kabisa ili kitu kingine kisikae juu yake. Kitabu cha pikipiki kwa Kichina, kimetoka machimbo ya Salamabila na bado kinanuka mafuta. Kamusi ya Kifaransa inayoanzia herufi D. Kalenda ya mwaka 2011, ambayo mwenyewe aliapa kwamba picha zake bado nzuri. Daftari la vitendawili vya lugha ya Kizimba. Daftari la nyimbo za harusi la Bibi Feza, limefungwa ndani ya kitenge, naye Bibi Feza nyuma yake, akisema lilipo daftari na yeye yupo.

Hadi magharibi, mia mbili na kumi na nane. Rafu zimejaa! Nimezitembelea mara tano kwa mshumaa, kwa raha tu.

Mounira aliuliza kama nilikusudia. Nikasema bila shaka. Akaniangalia kwa yale macho yake.

Ijumaa, tarehe 7

Baada ya sala ya Ijumaa, watu tele. Nilidhani wamekuja kusoma. Hapana! Kila mmoja amekuja kuangalia kama kitabu chake kimelala salama. Panya hajakigusa? Jua halikifikii? Mtu anakitoa, anakipangusa, anakipakata, anakaa. Saa nane viti vyote vimekwisha, wengine wameketi madirishani.

Nilijaribu kumpa Bakari kitabu cha jirani yake. Jirani akainuka. Kisomwe, alisema, lakini atasoma yeye mwenyewe, wengine wasikilize. Mwenye vitendawili akataka zamu yake. Kisha Bibi Feza akaanza kuimba. Nilibandika karatasi: KIMYA. Bibi Feza macho yake yamechoka, akauliza imeandikwa nini. Alipoambiwa akasema vizuri sana, akapandisha sauti. Mafundi wa Mama Albertine wakaacha cherehani sokoni, wakaja kuitikia.

Halafu akaja Mama Albertine mwenyewe. Nikaona kiganja chake: namba ya ukurasa bado ipo. Lakini alishika daftari jeusi, pembe zimelika. Akasema kwa kuwa baba yake ni mwanachama tayari, basi na daftari lake liingie.

Ni daftari la vipimo la mzee Kasimu. Miaka arobaini ya mabega na viuno vya Kasongo. Watu walikusanyika wakitafuta baba zao. Mmoja alipata urefu wa mkono wa marehemu kaka yake, akaupima kwa mkono wake mwenyewe. Nami nikajikuta: Iliasi, suti ya harusi, kiuno sentimita sabini na moja. Mounira alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona haya, kwa sababu ya rejista. Kisha nikafurahi. Furaha ilizidi haya, nakiri.

Jumamosi, tarehe 8

Ushindi!!

Mama Emilienne alifika saa nne kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alihesabu watu: arobaini na watatu, bila wa madirishani. Alipapasa kalenda ya 2011. Alimsikiliza Bibi Feza nyimbo mbili. Kisha akaomba rejista, akaanza ukurasa wa kwanza. Nikasoma dua zote ninazozijua.

Akauliza huyu mzee Kasimu ni nani. Mama Albertine akasema ni baba yake. Nikafumba macho. Akaendelea kusema kwamba leo mzee hakuweza kufika, lakini amemtuma na kitabu chake, kile pale. Mafundi wake wote wakashikwa na kikohozi.

Jengo linabaki maktaba! Mama Albertine aliomba pembe ya dirisha la mwisho kwa cherehani mbili. Ningeweza kukataa? Nilikubali kwa ukarimu, kabla komite haijanilazimisha. Mapazia atashona bure.

Mgeni aliniuliza wazo hili la ajabu, la mji kuiazima maktaba yake vitabu, lilitoka wapi. Nikasema ni matokeo ya utafiti mrefu. Amesema atarudi baada ya miezi mitatu, na safari hiyo anataka kuona vitabu vinatoka na kuingia.

Vinatoka? Vitoke leo! Alipoondoka tu nikapanda juu ya kiti nikatangaza: kila mtu achukue kitabu cha mwenzake aende nacho nyumbani. Kelele, vigelegele! Katika furaha ile sikuandika nani kachukua nini. Na nafasi haikuwepo. Rejista imejaa, nusu yake ni wale themanini wangu.

Jumapili, tarehe 9

Kimya kizuri. Nimehesabu rafu. Vimebaki kumi na vinne. Tisa ni hesabu ya darasa la tatu.

Saa tano Mama Albertine alikuja na mapazia. Akatafuta daftari la baba yake. Akatafuta tena. Akauliza liko kwa nani. Nikasema liko kwa msomaji. Akauliza yupi. Nikasema maktaba hailindi vitabu tu, inalinda pia siri za wasomaji. Alivuta tepu yake, akanipima shingo. Hajaniambia ni kwa ajili ya nini.

Daftari lazima lirudi. Siwezi kulala nikifikiri limefungiwa karanga. Basi, kibao! Kibao ndicho kilichoniokoa. Nikamwita Déo: VITABU VYOTE VIRUDISHWE JUMATATU SAA MBILI. Neno moja, maana moja. Déo alikuna kichwa, akauliza virudishwe na nani, kwa nani. Nikamwambia ashike brashi. Mounira alisema niongeze maneno “na walioazima”. Nikamwuliza walioazima ni wepi, kwani wote wameazima. Pia kibao ni kidogo. Pia Mkutubi Mkuu ni mimi.

Jumatatu, tarehe 10

Saa mbili kasoro dakika kumi. Naandika nikiwa ndani, mlango bado nimeufunga. Nje watu zaidi ya mia! Sijawahi kuona mji wenye nidhamu hivi. Mama Albertine yuko mbele kabisa, nyuma yake Maalim Souleymane, nyuma yake Bibi Feza anapiga mlango kwa fimbo.

Nimechungulia kwenye pazia. Mikono yao mitupu. Bila shaka vitabu wameviacha kwenye baiskeli.

Bakari anapaza sauti kuliko wote: “Papa Biblio, fungua! Tumekuja kurudishiwa!”

Kurudisha, Bakari. Kurudisha. Hiyo “iwa” ya mwisho ni kosa la sarufi. Nitamsahihisha mara tu nikifungua.