Malalamiko Juu ya Saladi ya Kopo ya Bi. Graciete

Kwa Bwana Adelino,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe,
Ngazi za Kisimani, Alfama, Lisbon.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini moshi wa juzi umeshakutoka machoni. Wangu bado, ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hasira, ila kwa adabu zote.

Unajua vyema kwamba kila mkesha wa Mtakatifu Antoni, mchoma sadini wa ngazi zetu ni mimi, Belmiro. Mwaka huu jirani yangu Bi. Graciete, yule mjane wa ghorofa ya chini, aliweka meza mkabala na jiko langu, akaniharibia sikukuu na moyo. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nikiwa bado napepea mkaa katika joto lile la mwezi wa sita, jasho linanichuruzika, yeye alifungua makopo yake ya jodari, akayamwaga juu ya kunde alizochemsha asubuhi, akakatia kitunguu, nyanya na mayai, akanyunyiza siki na mafuta ya zeituni. Basi! Saladi tayari, watu wamepanga foleni. Jamani, hiyo ni haki? Chakula cha sikukuu lazima kimtese mpishi angalau kidogo.

2. Alinisuta mbele za watu. "We Belmiro, hao samaki unawachoma au unawabembeleza?" Watu wakaangua kicheko. Hata Padri alicheka, na kunde tele mdomoni.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa, na nalisema waziwazi. Asubuhi ile niliacha dirishani kwake chungu cha mrehani chenye kibendera cha shairi, kama ilivyo desturi yetu kwa mwanamume mwenye mtu moyoni. Jina sikuandika. Niliogopa. Sasa mrehani huo, Bwana Mwenyekiti, sisi hata pua hatuusogezei. Tunaupapasa kwa kiganja, tunanusa kiganja, usije ukanyauka. Bi. Graciete aliukata wote kwa mkasi akautia kwenye saladi! Nilisimama na koleo mkononi nikitazama mtaa mzima ukitafuna posa yangu. Fundi viatu aliomba aongezewe.

4. Kwa hiyo naomba samaki wa kopo wapigwe marufuku mwezi wote wa sita. Vifungua kopo vyote vikabidhiwe kwa kamati. Kunde ziuzwe kwa kibali. Na kwa kuwa mtu mjanja anaweza kuvuka kwenda kununua jodari mtaa wa pili, ngazi ziwekewe mlinzi, mabegi ya kina mama yapekuliwe. Bi. Graciete mwenyewe aamriwe kuketi kando ya jiko langu kila jioni, chini ya uangalizi wangu, mpaka nitakaporidhika kwamba amejirekebisha. Huenda ikachukua miaka mingi. Niko tayari kujitolea.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa kamati, na Padri pia, ingawa alicheka.

Ni mimi jirani yako mwenye kuonewa,
Belmiro Taveira

Nyongeza: Nilikuwa nashuka kukuletea barua hii, Bi. Graciete akaniita kutoka dirishani. "Njoo hapa, wewe mzee! Unadhani mwandiko wako siujui? Si ndio huo huo wa kwenye kibao chako cha sadini? Mrehani nimeukata makusudi, nione nani atalia. Mtaa mzima wamekula wamefurahi, aliyenuna ni mmoja tu. Mwanamume mzima, unaacha chungu dirishani kwa watu unatimua mbio! Haya ingia, nimekubakishia bakuli."

Bakuli nimelimaliza. Chumvi ilipungua kidogo, sikusema. Tafadhali futa malalamiko yote manne, na jiko la mwakani mpe mtu mwingine. Mimi nitakuwa ng'ambo ya pili, mezani kwa Bi. Graciete, nafungua makopo.