Samaki Aliyeganda Juu ya Jina la Mzee Edmund

Kwa Mwenyekiti, Mzee Pankras,
Ushirika wa Mseto, Mbinga.

Shikamoo Mzee.

Kwa huzuni kubwa natangaza kwamba Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, samaki wa ofisi yetu aliganda juu ya jina la Mzee Edmund wa Liuli. Hakubanduka mpaka kompyuta ilipozimwa. Wanachama walibaki nje na magunia yao ya kahawa, mvua ikiwachungulia.

Utakumbuka samaki huyu alizaliwa kwenye mkutano mkuu. Nilipoandika programu ya mapokezi, mimi mtu wa Tukuyu niliyehamishiwa kwenu, niliweka kishale cha kawaida cha kipanya. Wa milimani wakataka kiwe punje ya kahawa. Wa ziwani wakauliza, kwani sisi ni wageni? Ikaamuliwa kishale kikipita juu ya jina la mtu wa milimani kiwe punje, kikipita juu ya la mtu wa ziwani kiwe mbasa, samaki wa kwao. Nikachora mwenyewe. Mbasa wangu alifanana na soli ya kandambili, lakini amani ilipatikana.

Sasa umetaka maelezo ya maandishi kabla kikao hakijaamua kumhamishia karani wetu, Bi Asteria, kwenye ghala la Ukata, kwa kuwa kompyuta inaganda mikononi mwake kila siku. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Anatembeza kipanya. Anakipeleka juu, chini, kushoto, kama anayepiga deki.

2. Anahudumia watu wengi mno. Asubuhi, wakiwa wawili watatu, programu haina neno. Wakishafika wa Mbuji, na lori la dagaa wa usipa likashusha watu wa ziwani, inaganda. Ni wazi bidii yake ndiyo inayotuharibia. Nilimshauri apunguze, akanijibu, "Kaka Ambokile, niwaambie warudi na magunia?" Hilo si jibu la mtu anayeijali mashine.

3. Anafuata foleni. Anaandika mtu wa milimani, kisha wa ziwani, kisha wa milimani tena, hadi samaki na punje wanachoka kupokezana. Naomba watu wa ziwani wapewe siku yao, na ikiwezekana mlango wao.

4. Hilo likishindikana, wanachama wote wahamie ziwani. Nafasi ipo, na kahawa itajizoeza.

5. Na hilo likishindikana, Bi Asteria aende Ukata. Ghala lile halina umeme, hivyo hakuna kitakachoganda. Najua mama yake anatibiwa hapa mjini na watoto wanasoma hapa, lakini na mimi programu hii ni kama mwanangu.

Nisalimie Mama Katarina, wajukuu, na wanakwaya wote wa Mapera wanaoendelea kuivumilia sauti yangu.

Wako mtiifu, pale umeme unaporuhusu,
Ambokile, fundi wa programu.

Nyongeza: Nilipokwisha kusaini, Bi Asteria alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Nikakalia kiti chake niwaonyeshe wanachama jinsi kipanya kinavyoshikwa kistaarabu. Chai haijapoa, samaki akaganda. Mikononi mwangu, mbele ya lori zima la usipa. Mzee Edmund akauliza kama na mimi nahamia Ukata.

Nikaisoma programu upya. Ukweli ni huu, Mzee: kila kishale kilipogusa jina, programu ilitengeneza samaki mpya au punje mpya, pamoja na picha za kumchorea, na wa zamani haikumfuta. Hawaonekani, lakini wote wamo ndani. Kompyuta huipa kila programu kiasi chake cha vitu vya namna hiyo. Kikiisha, haichori tena. Kadiri Bi Asteria alivyohudumia watu, ndivyo mimi nilivyomjazia mashine. Sasa programu inatengeneza samaki mmoja na punje moja inapofunguliwa, inatumia hao hao siku nzima, na inawafuta inapofungwa. Jana foleni ilikwisha yote bila programu kuganda.

Kwa hiyo asihamishwe. Kosa ni langu. Nilitaka kuichana barua hii niandike nyingine, lakini mwenye mhuri ni yeye, na alishaisoma yote akiwa amesimama. "Iende hivyo hivyo, kaka," akasema. "Kikao kisome kuanzia juu."

Akaigonga mhuri mara mbili.