Dirisha Langu Si Mali ya Kamati

Wandera Mukhwana,
Nyumba nambari 9, ghorofa ya tatu,
Jengo la Upendo, Njiru.
20 Septemba 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji,
Jengo la Upendo (ghorofa ya chini, karibu na duka).

Bi. Khadro,

MINTARAFU: KUTWALIWA KWA DIRISHA LA CHUMBA CHANGU CHA KULALA

Ninaandika nikiwa na akili timamu na baada ya kunywa chai, usije ukasema nilikuwa na hasira. Ninakuheshimu kama mwenyekiti na kama jirani, ndiyo maana nimeacha kukuitia ngazini nikaenda kununua karatasi.

Nikukumbushe tulivyofika hapa. Mwezi wa Machi kamati ilinituma mimi, kwa kuwa nimestaafu, nikalinganishe njia za kuleta intaneti jengoni. Kazi hiyo niliifanya kwa uaminifu uleule niliohesabia mikebe ya rangi kiwandani kwa miaka ishirini na saba. Niliwaambia kwamba faiba ndiyo bora, lakini nguzo zake zimeishia Kangundo Road, na kampuni imekuwa ikisema itatufikia "mwezi ujao" tangu mwaka juzi. Waya ambao Khalif, muuza intaneti wa mtaani, anaurusha juu ya mapaa kutoka jengo la pili hukatika kila mara mtu akianika blanketi. Dishi la setilaiti lilikataliwa na mwenye nyumba, aliyesema paa lake halitobolewi. Tukabaki na ruta ya 5G, ile inayonasa mtandao kutoka kwenye mnara bila waya.

Owen wa nyumba nambari 4, yule anayejibu simu za wateja wa ng'ambo akiwa sebuleni kwake, aliizungusha ruta hiyo jengo zima huku akisoma kasi kwenye simu. Jikoni kwako ilisoma nne. Ngazini, tisa. Kwenye dirisha la chumba changu, upande wa kushoto, juu kidogo ya mto wangu, ilisoma tisini na nne. Kura ilipigwa papo hapo, watu wakiwa wamesimama kuzunguka kitanda changu, nami nikashindwa kwa kura kumi na moja dhidi ya moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Niliambiwa ruta haihitaji kuangaliwa. Si kweli. Kila siku kuna mtu mlangoni. Owen huja na neno lake moja, "Mzee, net imelala, wacha niiguse," anavua viatu, anapita. Lenah wa ghorofa ya kwanza, ambaye mumewe yuko Doha, alikuja wiki ya kwanza akakuta kitanda hakijatandikwa. Alikitazama tu. Tangu siku hiyo ninatandika kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu marehemu mke wangu Ayuma atutoke. Mtu wa umri wangu halazimishwi kutandika kwa sababu ya kutazamwa.

2. Pazia. Owen alipima akasema pazia langu zito linakula kasi kumi na moja. Limeondolewa. Sasa ninabadilishia nguo bafuni. Kisha ikagunduliwa kwamba hata mwili wangu ni kizuizi. Nikisimama dirishani kutazama barabara, mume wa Lenah anaganda kwenye simu mdomo ukiwa wazi. Lenah hutoka kwenye roshani yake na kuniambia, kwa adabu sana, nisogee kulia kidogo. Nami husogea. Siku moja nilisimama ukutani dakika arubaini, kwa sababu walikuwa wanajadili mambo mazito na sikutaka kuvunja ndoa ya watu.

3. Safari. Mwezi wa Agosti nilitakiwa Busia kwa posa ya mtoto wa dada yangu. Kamati iliketi kujadili safari yangu bila kunialika, ikaamua niondoke Ijumaa na kurudi Jumapili, kwa kuwa Owen huanza kazi Jumatatu. Nilienda na funguo zangu. Jumamosi tokeni za stima yangu zikaisha, ruta ikazima. Nilipigiwa simu mara kumi na tisa nikiwa mbele ya wazee. Mzee wa upande wa pili aliniuliza kama mimi ni daktari. Nilitoka nje nikasimama kando ya ng'ombe nikikusomea nambari ya mita ili ununue tokeni, Bi. Mwenyekiti, na nambari zenyewe ulizirudia mara tatu kana kwamba ninakudanganya.

3(b). Niliporudi nilikuta sambusa kumi na mbili mlangoni, kutoka kwako. Tangu hapo hakuna anayekuja kuigusa ruta mikono mitupu. Lenah huleta githeri, Owen huleta maandazi. Mshipi wangu umesogea matundu mawili. Hili pia ninalilalamikia.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita nilipata mgeni, Mwalimu Perez, mjane kutoka Butere, aliyeelekezwa kwangu na dada yangu. Unajua vizuri alikuja kwa nia gani, kwa sababu nilikuomba kikombe cha kuazima. Hakuwa amemaliza nusu ya chai Owen akaingia, akavua viatu, akaelekea chumbani. Baadaye Lenah. Baadaye watu wawili wa ghorofa ya pili ambao hata majina yao siyajui. Mwalimu Perez aliuliza kwa sauti ya chini kama wote hao wana ruhusa ya kuingia chumbani kwangu. Nilimweleza habari za mnara. Aliendelea kunywa chai.

Wewe, kwa heshima yako, hukuvuka kizingiti. Ulisimama mlangoni, ukamsalimu vizuri, ukamuuliza afya ya watoto na ya wajukuu. Halafu ukamuuliza, "Mama, wewe ni mtu wa mapazia?"

Bi. Khadro, nimeishi miaka sitini na moja. Sijawahi kusikia mwanamke akichumbiwa na kamati. Mwalimu alijibu kwamba atafikiria. Alipokuwa akiaga aliomba nywila ya waifai, nikampa. Sijui hiyo ni ndiyo au la.

Kwa hayo yote, ninaomba ruta iondolewe chumbani mwangu katika siku kumi na nne, na kamati iibane kampuni ya faiba mpaka ije. Nimelinganisha tena na sijabadilisha maoni. Faiba haitaki mnara wala dirisha la mtu. Kila nyumba itapata waya wake. Kila mtu ataufunga mlango wake akae na intaneti yake, na hakuna atakayehitaji kubisha hodi kwa mwenzake. Nami nitarudi kuwa kama nilivyokuwa mwaka jana, wakati ambapo wiki ilikuwa ikiisha nikiwa sijasalimiwa na mtu ila askari wa lango. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyadai.

Nisalimie wanao, Zakariye na wadogo zake, na mama yako akipiga simu kutoka Garissa mwambie mguu wangu umepona. Lenah na Owen nitawasalimu mwenyewe, hawako mbali.

Mimi mpangaji mwenzenu, asiye na pazia,

Wandera Mukhwana

T.B.: Nilipokuwa nikitafuta bahasha, mtu wa faiba amebisha hodi. Nguzo zimefika langoni na anamtafuta mwenyekiti wa jengo atie sahihi ili waanze kazi Jumatatu. Nimemwambia ulihamia mtaa wa Fedha. Bado anazungukazunguka hapo chini na ngazi yake, kwa hivyo ukisikia jina lako likiitwa, tafadhali usiitike.