Kioo Chenye Nukta kwa Bastola ya Baba

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwanangu Remi sasa hivi amechovya karatasi ya maelekezo kwenye kikombe cha maziwa, akaikamua kama soksi, akanirudishia. Anasema ameifua. Miaka mitatu na nusu! Nimembusu, nifanyeje. Umebaki mstari mmoja tu unaosomeka: kazi hii ifanywe na fundi.

Fundi ni mimi. Yule wa bunduki wa karibu yuko mwendo wa saa moja na nusu, na foleni yake inafika Februari.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yangu macho yanamwisha. Daktari amesema katikati pameshaharibika, pembeni ndipo bado panaona kidogo. Jumamosi klabu ya shabaha ina mashindano ya vuli, na baba hajayakosa tangu kabla sijazaliwa, na bastola ileile aliyoinunua alipotoka jeshini. Yeye, Mzee Emmett na Mzee Lowell, mwisho kabisa wa mstari, siku zote watatu. Mwaka huu amesema labda atakwenda kutazama tu. Kutazama! Kwa macho gani?

Kwa hiyo nimenunua kioo chenye nukta nyekundu. Kidogo tu, kama kisanduku cha kiberiti. Unachungulia, unaona nukta, unapoiweka nukta ndipo risasi inapokwenda. Hakuna tena kuhangaika kupanga vile vijino vya chuma vya kulengea, cha mbele na cha nyuma. Nimemwambia Wade kwamba hata kipofu ataweza. Wade, mume wangu, akasema nile kwanza.

Ni siri. Baba haamini kitu chenye betri. Nimemwambia nataka kuipaka mafuta bastola yake. Ameitoa kwenye kabati la chuma, akaikagua mara mbili kwa vidole kuwa ni tupu, risasi zikabaki kwake. Akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto umshikie.

Jumanne, 7 Oktoba

Bastola za siku hizi zinakuja zimeshachongwa mahali pa kioo. Hii ya baba, wapi! Inabidi kung'oa kijino cha nyuma, kutelezesha kibati kwenye mfereji wake, na kioo kinakaa juu ya kibati. Rahisi.

Remi alipolala nimeibana kwenye jiriwa ya Wade, nikagonga. Hakijatoka. Nimegonga zaidi. Nimegonga nusu saa nzima, nywele zote usoni.

Akaingia wifi yangu Renata, mke wa kaka Curt, bila hata hodi. Kasikia kelele akadhani naponda nyama ya paa. Nikatupia taulo juu. Akauliza naficha nini. Nikasema zawadi ya baba. Akacheka. Akasema nisijisumbue, mwenzangu, yeye ameshamnunulia kiti cha kukunja, kina na tundu la kuwekea kikombe, Jumamosi mzee atakaa kama gavana. Kiti! Mtu dunia inamzimikia, wewe unamletea kiti.

Jioni Wade karudi kutoka kiwanda cha mbao, vumbi mpaka kwenye kope. Ametazama kazi yangu muda mrefu. Ameniambia taratibu kwamba kijino cha namna hii kinagongwa kutoka kushoto. Mimi nimekigonga kutoka kulia. Nusu saa nzima nilikuwa nakishindilia.

Jumatano, 8 Oktoba

Kimetoka. Vipande viwili. Sitaki kuandika leo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kibati hakikuingia kwenye mfereji. Nikapiga tupa kidogo. Hakikuingia. Nikapiga tupa kidogo tena. Kikaingia, na kikatoka chenyewe, kama jino la Remi litakavyokuja kutoka siku moja. Nimepunguza mno! Chuma hakirudi kikishaliwa na tupa.

Sikukata tamaa. Nimekata kipande cha kopo la soda, nikakipachika chini ya kibati. Kimebana! Nikatia gundi ya skrubu, nikatia na kwenye kidole gumba, nikakaza na bisibisi ikanata mkononi. Nimepika viazi na bisibisi mkononi. Remi ameipenda sana hiyo.

Kioo kimekaa. Kimeinama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili. Wade ameipeleka uwanjani akapiga risasi tano. Ganda la risasi ya tatu limeruka likagonga kioo, sasa kina mkwaruzo. Lakini nukta inawaka! Nimelia kidogo ndani ya gari. Wade amedhani ni gundi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempelekea baba. Nimembeba Remi kiunoni, bastola kwenye mkebe wake. Nikasema fumba macho. Akasema haina haja.

Ameipapasa. Kidole kikafika kwenye kioo, kikasimama. Nikaanza kueleza mbiombio: betri inadumu mwaka, nukta inaongezwa mwanga hapa ubavuni, kijino cha zamani kipo, nimekihifadhi. (Kipo. Kwenye chupa ya haradali. Vipande vyote viwili.)

Akainyanyua kuelekea dirishani. Akakaa hivyo muda. Nikamwuliza, unaiona nukta, baba? Akasema ndiyo, mwanangu, naiona. Nzuri. Nyekundu.

Nyekundu! Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimemwokea mzee pai ya boga. Renata na kiti chake!

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimechoka. Nitaandika haraka.

Mvua nyepesi, moshi wa soseji, magari yamejaa mpaka kwenye mahindi yaliyovunwa. Baba amevaa jaketi lake la siku zote. Mzee Emmett akampigia kelele kutoka mbali, njoo we mzembe, tumekuwekea nafasi yako. Tukaenda kwanza mezani kwa Bi. Norma, anayeandika alama za klabu.

Bi. Norma akaigeuza bastola. Akashusha miwani. Akasema chenye betri hakipigi Kundi la Chuma. Kundi la Chuma ni la vijino, basi. Hiki ni Kundi Huru. Kanuni iko ukutani tangu mwaka waliojenga choo. Na ni kweli. Nimekula pai chini ya ile kanuni tangu nikiwa sawa na Remi, sijawahi kuisoma.

Nikamsihi. Nikasema nitakitoa sasa hivi. Akauliza kijino kiko wapi nikirudishe. Nikatazama viatu vyangu.

Kundi Huru ni vijana wenye majina yao mgongoni. Wanapiga kwa saa inayolia. Wako mwanzo wa mstari, wazee wako mwisho. Mzee Emmett akapaza sauti, Delbert, umehamia mjini? Usitusahau huko! Watu wakacheka. Baba akainua mkono kule alikodhani sauti imetokea. Hapakuwa penyewe.

Saa ikalia. Amepiga zote. Kijana wa kipaza sauti akatangaza: sifuri. Akarudia, maana alidhani karatasi imekosewa.

Nilikuwa kwenye birika la kahawa Mzee Lowell aliponijia. Kofia mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwani binti hukujua? Huu mwaka wa tatu mimi husimama nyuma yake na darubini. Namwambia panda kidogo, Del, nenda kulia, hapohapo. Anapiga kwa maneno yetu. Na Emmett akipita kukagua matundu kwenye shabaha hana roho mbaya. Huko kwenye Kundi Huru ukifungua mdomo nyuma ya mpigaji wanakutoa.

Nikammiminia kahawa.

Baba alikaa kwenye kiti cha Renata mpaka mwisho, kikombe tunduni, uso umeelekea miti. Renata alimfunika blanketi. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Njiani nikamwuliza baba kwa nini jana alisema anaiona. Akasema ile nukta inakaa palepale penye ukungu, akiitafuta inazama. Akasema aliona tu kwamba nina furaha, hilo lipo pembeni, pembeni bado anaona. Halafu akasema, Shayla, mashindano ya kufunga msimu ni tarehe ishirini na tano. Nirudishie kijino changu, mwanangu, nirudi kwa wenzangu. Hakuna jingine ninalotaka.

Nikasema ndiyo, baba. Sikumwambia habari ya vipande viwili. Wala ya tupa.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikulala vizuri. Wade amepiga simu huku na huku: kijino cha mfano ule kinapatikana, ila mfereji nilivyoupanua hakitakaa, labda yule fundi wa Februari aujaze chuma na kuuchonga upya. Februari. Msimu utakuwa umeshakwisha. Na msimu ujao, nani ajuaye pembeni patakuwa pamebaki nini.

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikilia kwenye aproni. Remi kanipapasa kichwa, akaniambia pole mbwa mzuri.

Ndipo nikaliona kosa langu. Kosa ni moja tu. Niliweka kioo kimoja!

Baba hawezi kurudi kwa wazee, sawa. Basi wazee waende alipo. Mzee Emmett akiwa na kioo, na Mzee Lowell akiwa na kioo, wote watatu ni Kundi Huru, wanasimama pamoja kama zamani, na habari ya kusemeshana nitazungumza na Bi. Norma, nitampelekea pai. Siku kumi na tatu zinatosha. Sasa uzoefu ninao. Kugonga ni kutoka kushoto. Tupa ni kidogo kidogo. Makopo ya soda yapo.

Leo baada ya kanisa nimeshaanza. Sikutaka kumsumbua Mzee Lowell mwenyewe, kwa umri wake mshangao wa furaha ni bora kuliko maneno mengi. Bastola yake ninayo hapa, ni ya Kibelgiji, chuma chake kinaonekana laini, na kijino chake nimekitazama vizuri, hakifanani kabisa na cha baba, kwa hiyo hiki kitakuwa rahisi zaidi, nikianza kesho Remi akilala naona mpaka Jumatano nitakuwa

Wade ananiita. Anasema Mzee Lowell yuko mlangoni, hajavua kofia, anauliza kwa nini mke wake amenipa