Kitoweo cha Genoa Ambacho Genoa Haikijui

Sampierdarena, Genoa
Tarehe 9 Machi

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote hapo gazetini, hata yule anayeandika habari za mpira. Mimi ni Giobatta Traverso, mgane, mwendesha winchi mstaafu wa bandarini. Katika maisha yangu yote sijawahi kulisumbua gazeti. Kilichonifikisha hapa ni vitunguu.

Binti yangu wa pekee, Orietta, amechumbiwa na Gaetano, kijana wa Napoli, mpole, fundi wa meno ya bandia. Jumapili tatu zilizopita tulialikwa kwao Materdei, mtaa wa Napoli, tufahamiane. Mlangoni tulipokewa na bibi yake, Bibi Nunziata, mwenye miaka themanini na sita, machozi yakimtiririka. Nikadhani ni furaha ya uchumba. Nikamkumbatia, nami nikalia kidogo. Baadaye nikaambiwa alikuwa amemenya kilo nne za vitunguu.

"Baba, leo unakula cha kwenu!" Bibi akaniambia. "Genovese! Mapishi ya Genoa!"

Moyo ukatulia. Nikasubiri tambi na mchuzi wetu wa majani ya mrehani yaliyotwangwa kinuni. Badala yake ikaja sahani ya rangi ya kahawia: tambi nene zenye tundu, zimezama katika vitunguu vilivyopikwa na nyama ya ng'ombe tangu alfajiri mpaka vikasahau kwamba viliwahi kuwa vitunguu.

Nikauliza kwa adabu zote, "Hiki ni nini?"

"Genovese," wakajibu wote.

"Kwetu hakipo."

Kisha mjomba wake Gaetano, anayeitwa Mimì, akapiga goti lake kwa kicheko. "Mgenoa gani hajui Genovese? Wewe si wa Genoa, bwana. Wewe ni wa Savona!"

Savona, Ndugu Mhariri, hao majirani zetu! Nikatoa kitambulisho. Akakisoma mbele na nyuma, akanirudishia. "Siku hizi hivi vinatengenezwa popote," akasema.

Watu wakacheka. Bibi Nunziata hakucheka. Aliweka uma chini. "Marehemu mume wangu alikula hiki kila Jumapili kwa miaka hamsini," akasema taratibu. "Nawe unakaa mezani kwangu unaniambia hakipo?"

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu rasmi, kama ifuatavyo:

1. Jina letu linatumika bila idhini. Milano wana kipande chao cha nyama ya kukaanga, na ukienda Milano unakipata. Parma wana paja lao la nguruwe, tena lina muhuri wa taji. Bologna wanateswa na dunia nzima inayomwaga mchuzi wao juu ya tambi wasizozitambua, lakini angalau mchuzi ni wao. Sisi peke yetu tumepewa sifa ya chakula tusichowahi kukipika.

2. Kitoweo chenyewe kinajikanusha. Kinataka nyama kilo mbili na moto wa saa kumi. Mtu yeyote anayetufahamu sisi Wagenoa, na jinsi tunavyozima taa tukitoka chumbani kuchukua chumvi, hawezi kuamini kwamba tulikibuni sisi. Ushahidi huo tu ungetosha mahakamani.

3. Mimì anadai mabaharia wetu ndio waliowafundisha Wanapoli, karne nyingi zilizopita. Kama ni kweli, mbona hawakurudi nacho nyumbani? Miaka thelathini na moja nimeshusha mizigo hapa bandarini: kahawa, marumaru, mara moja hata twiga. Genovese sijawahi kuishusha.

4. Orietta haongei nami. Ndani ya treni alisema sentensi moja tu: "Baba, ungekula ukanyamaza." Kutoka Napoli mpaka Genoa, hiyo tu. Wiki iliyopita nikasikia kwa jirani kwamba siku ya harusi kanisani atasindikizwa na Mimì. Mimì, Ndugu Mhariri! Nimemlea mtoto huyu peke yangu tangu akiwa na miaka saba.

Kutokana na hayo, naomba gazeti lako liunge mkono hatua hizi. Kwanza, Napoli warudishe jina letu ndani ya siku tisini, likiwa safi, bila harufu. Wakikataa, nasi tutalipiza: ule wali mweupe wa kuchemsha tunaowapa wagonjwa wa tumbo uitwe, kwa amri ya halmashauri, "wali wa Kinapoli". Wakiendelea kukaidi, basi mji wetu uwaachie hilo jina kabisa, tutafute jingine. Nimekwishatazama ramani. Majina mazuri yote yamechukuliwa, na lililo karibu ni Savona, jambo ambalo sitaki kuliona nikiwa hai.

Wasalimie wote hapo ofisini, mpiga chapa, mfagiaji na familia zao, na hata wasomaji wenye asili ya Napoli, maana wao binafsi sina ugomvi nao.

Wako katika kudai haki,
Giobatta Traverso

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku nne kwa sababu duka haliuzi stempu moja moja. Katika siku hizo nilimpigia simu Bibi Nunziata kumwomba radhi. Akasema radhi hailiki, nipike. Jumapili wanakuja wote kwa treni. Sufuria ya majaribio iko motoni tangu asubuhi. Orietta amepita sasa hivi, eti kuchukua koti lake. Akaonja kwa kijiko, akakata mkate akachovya, akavuta kiti. Msomaji anayejua kama katika saa ya sita sufuria hufunikwa au huachwa wazi, tafadhali anipigie upesi. Na kama mtaichapisha, andikeni jina vizuri, kwa herufi kubwa: Genovese. Ni chetu.