Usukani Mwekundu wa Malkia

Jumatatu, 4 Machi

Usukani wa Malkia umekufa. Ubao wake wa kugeuzia mashua umepasuka nilipokuwa naegesha. Kaukuta kadogo tu, wala sikukaona. Malkia ni mashua yangu ya tanga, ya watu wawili, au watatu wakipendana. Mke wangu ameipa nafasi ya mwisho: Jumamosi atapanda. Akirudi amelowa kama mara ile, mashua inakwenda kwa kaka yake. Nikacheka. Yeye hakucheka. Shemeji, aliyekuwa sebuleni akimalizia chai yetu, akauliza tanga nalihifadhi wapi. Huyu mtu hana haya!

Jumanne, 5 Machi

Dukani nimekuta sukani tatu. Wa kwanza wa mbao ngumu, kipimo kilekile cha ule wa zamani. Umepooza mno. Wa pili wa plastiki. Aibu! Wa tatu mwekundu, mpana, umejipinda kidogo mkiani kwa madaha. Muuzaji akasema huo ni wa mashua kubwa zaidi. Nikamwambia Malkia bado anakua. Nimerudi nao begani, watu wananipisha njia. Shemeji akauliza ni usukani au mlango wa choo. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Ulikuwa mpana. Kidogo tu. Nikakata kushoto, kulia kukaonekana kumezidi. Nikakata kulia, kushoto nako kukavimba. Nikarudi kushoto. Mke wangu akatoka kuanika nguo, akasimama akatazama, akasema nikiendelea hivyo atapata mwiko mzuri. Nikaacha hapohapo. Sasa unafanana kabisa na ule wa mbao nilioukataa, isipokuwa huu una heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kufunga! Mashua imelala kifudifudi uani tangu juzi nilipompaka Malkia rangi ya tumbo. Kuigeuza kunahitaji watu wanne, na mmoja wao lazima awe shemeji. Sitaki. Nimefunga hivyohivyo ilivyolala. Kazi rahisi ajabu! Usukani una pini mbili, nyuma ya mashua kuna pete mbili. Pini nimezielekeza chini, nikauachia usukani: tii! Ukaingia pete zote mbili kwa mpigo. Hata kuusukuma sikuusukuma, uzito wake wenyewe umeukalisha. Kisha nikapaka rangi kila kitu, pini na pete humohumo, tabaka tatu.

Shemeji akachungulia juu ya ukuta, akaniambia, shemeji, hebu angalia pini zako zinatazama wapi. Nikamjibu zinatazama kazi yao, na yeye atazame yake.

Ijumaa, 8 Machi

Majirani wamekuja kugeuza mashua. Shemeji pia, bila kuitwa. Usukani haukucheza hata unywele! Shemeji akainama, akazitazama pini, kisha akanitazama mimi, akaondoka anakohoa. Nadhani ni kikohozi.

Mke wangu amepiga pasi gauni la bluu. Ametayarisha na kamkoba: taulo moja na shati kavu. Vyote vyangu. Sikuelewa, lakini nimefurahi kufikiriwa.

Jumamosi, 9 Machi

Upepo mzuri. Mke wangu mbele, mzuri kuliko mashua. Nikamwambia hivyo. Akasema nitazame ninakokwenda.

Tukatoka vizuri sana. Nikageuza usukani mara ya kwanza. Rangi ikalia kra! Usukani ukateleza chini taratibu, kama bibi kizee anayeketi, ukaniachia mikono mitupu. Nikauona mwekundu, mwekundu, kisha giza. Nikaurukia. Sijui kwa nini. Mimi naelea, usukani hauelei.

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa ameshahamia nyuma na kasia mkononi, analibana ubavuni mwa mashua, anageuza Malkia kama anayegeuza mkokoteni sokoni. Akanizungukia mara moja, kwa starehe zake naona, ndipo akanipandisha. Akaniamuru niketi katikati na nisiguse kitu. Tukakata maji! Sijawahi kuiona mashua ile ikienda vile. Alikuwa anacheka hadi machozi, na mimi nikisaga meno kwa baridi nikajikuta nacheka naye.

Shemeji alikuwa ufukweni anatusubiri, kamba ya kuivutia mashua tayari begani. Akaninyooshea kidole ninavyochuruzika. Dada yake akashuka bila kuloa hata ukosi, akajizungusha mbele yake taratibu, mbele na nyuma, akamwuliza: “Nimelowa wapi, kaka? Nionyeshe.” Alipokosa pa kuonyesha akamwambia akatundike kamba yake.

Malkia wetu! Nikapewa taulo.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu anasema wiki ijayo atashika kasia tena, nisijisumbue. Maskini, ananionea huruma. Siwezi kumwacha achoke.

Shemeji amekuja kunifafanulia mambo ya pini, juu na chini, akinichorea mchangani. Nimemsikiliza kwa adabu. Lakini tatizo nimeshaligundua mwenyewe: nilitumia rangi. Rangi si gundi.

Leo nimenunua usukani mpya. Njano! Nimeujaza gundi ya zege kwenye pete, nikaongeza nati nne na misumari sita. Mke wangu amelala, nitampa habari akiamka. Nimeujaribu kwa mikono miwili na goti: hautikisiki, si kulia, si kushoto.