Nyoka Katika Wasifu Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Tovuti mpya ya chuo imefunguliwa leo. Kila mhadhiri ana ukurasa wake: picha, historia ya kazi, maeneo ya utafiti. Mkuu wa Idara alituonyesha ukutani wakati wa kikao. Wangu ulipita kama umeme. Mistari miwili! "Mhadhiri mwandamizi. Anachunguza fukusi, wadudu watoboao mahindi." Na kwenye picha nimefumba macho.

Kisha ukaja wa Asali. Tunamwita hivyo kwa sababu utafiti wake ni wa nyuki. Nilimfundisha mimi! Alipoingia mwaka wa kwanza alidhani buibui, mwenye miguu minane, ni mdudu. Leo ukurasa wake unashuka, unashuka, haufiki chini. Amefanya kazi huku, amealikwa kule, amegundua hiki. Kwenye picha amesimama kando ya mzinga, anacheka, jua limempiga upande mzuri.

Mkuu wa Idara akasema huo ndio mfano wa kuigwa. Alikuwa akinitazama mimi. Nikajifanya naandika.

Baada ya kikao Asali akapita ofisi kwa ofisi akigawa vichupa vya asali ya mizinga yake. Mhazili wetu, ambaye mimi hunisalimia kwa nyusi, alisimama kabisa kumpokea. Na mimi nikitaka kugawa matunda ya utafiti wangu nigawe nini? Fukusi?

Jioni nimekuta kichupa nyumbani, mezani. Mke wangu alikuwa anapaka mkate. Alisema yule kijana alikileta mwenyewe, ana adabu sana. Akaniuliza kama nitaonja. Nikamwambia mimi sili rushwa. Akasema sawa, basi chote chake.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku nzima nimeandika wasifu mpya. Ukweli wangu wote niliumaliza nikiwa bado na chai kikombeni. Shahada ya kwanza, ya uzamili, ya uzamivu, zote za fukusi. Kabla ya chuo, mkaguzi wa maghala ya nafaka. Nikamsomea mke wangu. Akapiga miayo. Akasema hapana, si uchovu, ni fukusi.

Hapo ndipo wazo likaja. Maeneo ya utafiti ni maeneo ya kuvutiwa. Nani anaweza kunikataza kuvutiwa? Nikaongeza: "Nyoka wenye sumu: tabia, makazi na udhibiti."

Si uongo. Nilipokuwa mkaguzi niliwahi kukutana na nyoka ghalani. Nilimwona, akaniona. Nikasoma tabia yake kwa makini nikiwa mlangoni, kisha barabarani.

Nikampelekea fundi wa kompyuta. Akaniuliza kama nina hakika na hiyo ya nyoka. Nikamuuliza yeye ni fundi au mahakama. Nikampa picha mpya pia. Macho wazi. Wazi mno, alisema, lakini akaiweka.

Jumatano, 8 Oktoba

Utukufu!

Mhazili amenisalimia kwa mdomo. Mkuu wa Idara amenishika mkono wote hadi kwenye kiwiko na kusema hakujua ana simba kwenye zizi lake. Mama mkwe amepiga simu. Amesoma ukurasa wangu kwa sauti mbele ya majirani. Miaka yote hii alikuwa akiwaambia mkwewe ni mtu wa mahindi, sasa ameona heshima imerudi. Kabla ya kukata akauliza kama yule kijana wa nyuki ameoa, maana shemeji yangu bado yupo nyumbani. Hata mama mkwe! Nikasema sijui. Najua. Hajaoa.

Mchana Asali mwenyewe akaja ofisini. Aligonga kwanza. Hugonga daima, inaudhi. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nyoka! Mbona ulituficha?"

Nikamjibu chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilitumaini aelewe kwamba kibaya ni yeye na vichupa vyake. Akacheka, akasema kweli kabisa, na akaniomba siku moja nimfundishe. Nikamwambia nyoka si nyuki. Hawatoi zawadi.

Alasiri nimelala nyumbani nikitabasamu. Mke wangu ameshuhudia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Lazima niandike.

Nilikuwa darasani. Mhazili akaingia anakimbia. Kuna nyoka maktaba. Wanafunzi wametoka mbio, mkutubi kapanda dirishani. Makamu Mkuu wa Chuo amefungua tovuti kutafuta mtaalamu, na jina lililotokea ni moja tu.

Nikasema nina kipindi. Wanafunzi wote wakasema hapana Mwalimu, nenda! Wakabeba hadi koti langu.

Nje ya maktaba watu walijaa kama wanaotazama mpira. Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe, kavaa tai. Mkuu wa Idara ananionyesha kwa kidole kama ng'ombe wa maonyesho. Nikasema kwa masikitiko kwamba bila glavu za ngozi hadi mabegani sayansi haiwezi kuendelea. Nilijua hazipo. Zilikuwepo! Mwalimu wa karakana ya kuchomelea vyuma akazivua palepale, bado zina joto. Nikataka viatu vya mpira virefu. Mtunza bustani akavivua vyake. Sikuwa na la kuomba tena isipokuwa likizo.

Wakafungua mlango. Wakaufunga. Nyuma yangu!

Kimya. Rafu baada ya rafu. Kwanza sikumwona, nikaanza kuamini kaenda zake. Kisha nikamwona. Amejikunja chini ya meza ya vitabu vilivyorudishwa, rangi ya kahawia, ananitazama kama mtu niliyemfelisha mtihani. Sijui nilipandaje juu ya meza ya mkutubi. Nilijikuta huko, kompyuta imepokea unyayo wangu mmoja. Sala nilizosahau tangu utotoni zilirudi zote, na kwa mpangilio.

Mlango wa nyuma ukafunguka polepole. Asali! Ana ufagio na ndoo ya takataka yenye mfuniko.

"Mwalimu," akanong'ona, "samahani kuingilia. Nikusaidie kidogo?"

Nikasema kama anaona ni lazima.

Akailaza ndoo chini. Akamsogeza nyoka kwa ufagio, taratibu, kama anayemwongoza bibi yake kitini. Nyoka akaingia ndani. Mfuniko. Basi! Akaniambia usiogope Mwalimu, huyu hana sumu, alifuata panya. Akanipa mkono nishuke. Nilishuka bila mkono. Nikaanguka. Akanifuta vumbi mgongoni.

Sasa sikiliza ubaya wa mtu huyu. Tulipotoka, umati wote unamtazama yeye na ndoo, angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Akasema, "Mwalimu alinielekeza, mimi nimeshika ndoo tu."

Makofi! Makamu Mkuu wa Chuo akaniuliza ni nyoka wa aina gani. Nikasema ni nyoka wa maktaba. Watu wakatazamana. Asali akakohoa, akasema Mwalimu ana maana ni wale wanaokula panya majumbani, hana madhara, akaachiwe porini. Watu wakacheka vizuri, kama nimefanya utani.

Angenitukana ningelala. Sasa natembea na wema wake kama mwiba kwenye soksi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mke wangu amesikia yote. Mkutubi alikuwa bado dirishani, upande wa nje, dirisha lina kioo, na mkutubi ana rafiki anayejuana na mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Akasema, "Baba, yule mtoto amekusitiri mbele ya chuo kizima. Hata shukrani hukutoa. Ufute huyo nyoka, kisha uende ukamwambie asante."

Nikasema nitafikiri. Akaleta simu yake, akaniuliza kama niliwahi kuusoma wasifu wa Asali mpaka mwisho. Nani ana muda? Akausoma yeye. Aya ya mwisho: "Nilianza kuwapenda wadudu siku mwalimu wangu alipotupa kila mmoja punje ya mahindi iliyotobolewa, akatuambia tukae kimya tusikilize. Ndani kulikuwa na uhai. Kila ninachofanya leo kilianzia kwenye punje ile."

Nilienda kuosha uso. Naikumbuka punje hiyo. Naukumbuka na mkono wake ulivyoiweka sikioni.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Kwa kweli limenigusa. Lakini, aya ya mwisho! Baada ya nyuki, baada ya mizinga, baada ya safari zote! Na hakutaja jina. Msomaji atajuaje kwamba ni mimi? Anaweza kudhani ni mwalimu yeyote mwenye mahindi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kumshukuru Asali, kama nilivyoagizwa nyumbani. Nilisimama mlangoni kwake, nikasema asante. Akainuka, akasema hakuna cha kushukuru, Mwalimu. Akanipa kichupa. Nikapokea. Ni tamu. Inauma kukiri.

Kisha nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta nikamwambia afute nyoka. Akasema afadhali. Mke wangu akijua atafurahi.

Lakini ukurasa ulipobaki bila nyoka ulionekana mtupu, na wa Asali palepale pembeni unashuka tu kama mvua. Mtu ana heshima yake. Kosa langu nimelichunguza kisayansi, nimeliona: nilichagua mnyama wa karibu. Safari hii nimetumia akili. Bahari iko mbali nasi, basi la abiria linaloondoka asubuhi hufika huko kesho yake.

Nimeandika: "Nyangumi: tabia, makazi na udhibiti."

Fundi ameniuliza kama nina hakika. Nikacheka. Nani ataniletea nyangumi maktaba?